Dubu na Mabango ya Hapana

Katika kaunti yetu nzima, kuanzia mtoni hadi juu kwenye Milima ya Buluu, mtu aliyewahi kukutana na dubu, akamwambia aondoke, na dubu akaondoka, ni mmoja tu. Anaitwa Tate Ostrander, na ndiye mimi. Na kama hilo halikutoshi, mtu huyohuyo ndiye aliyesimamisha mabango yote ya kampeni yetu kwa mikono yake, bila kubakiza hata moja kwenye pikapu. Hayo ni mambo mawili. Yashike yote, maana yanatembea pamoja kama pua na makamasi.

Dubu tutamfikia. Tuanze na kushindwa, kwa sababu kushindwa ndiko kulikoleta maneno.

Mwaka ule jimbo zima la Oregon liliulizwa swali: je, mtu akitaka kununua bunduki, kwanza aende darasani, apige shabaha mbele ya mkufunzi, halafu ndipo akaombe kibali kwa sherifu? Ndiyo au Hapana. Babu yangu, Verl Ostrander, ni mwenyekiti wa Klabu ya Bunduki na Mishipi ya Harlan Creek, na alisema Hapana kiasi kwamba hata wafu wa makaburi ya Harlan Creek waliujua msimamo wake. Wala hakuwa mtu wa kelele. Alisema sherifu wetu ana askari wachache na eneo la kutosha nchi nzima. Ukimpigia simu kwamba kuna mtu anavunja mlango wako, atakuja, ndiyo, ila atakuja kuandika maelezo. Alisema pia kwamba haki ukishaanza kuiombea ruhusa imekuwa fadhila, na fadhila ina mwenyewe. Aliyasema hayo kwenye maonyesho ya ng'ombe, akayasema kwenye staftahi ya zimamoto, na mara moja akayasema mazishini. Marehemu alikuwa mwanachama, kwa hiyo hakuna aliyenung'unika.

Upande wa Ndiyo huku kwetu ulikuwa na watu wa kujaa gari moja, na gari lenyewe lilikuwa la Mwalimu Ilene Maddux. Mwalimu Ilene ametufundisha sote darasa la tatu: mimi, baba yangu, hata sherifu mwenyewe. Ni mdogo wa umbo. Akiwa kwenye usukani unadhani gari linajiendesha. Usidhani anaogopa bunduki. Anayo ya marisau, na mbweha wanaonyemelea kondoo wake wanaifahamu vizuri. Ila aliwahi kumzika mwanafunzi wake mmoja, kijana aliyenunua bastola asubuhi na jioni hakuwepo tena duniani, na tangu hapo alikuwa akisema angependa kati ya asubuhi na jioni ya namna ile kuwe na siku kadhaa. Hilo Babu hakuwahi kumbishia. Alimbishia mengine yote.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye mzigo. Uwanja wetu wa shabaha uko nyuma ya malisho ya Mwalimu, chini ya ukingo wa mlima, na njia ya kufika ni moja tu, ile inayopita katikati ya kondoo wake. Marehemu mume wake alimpa Babu mkono zamani, akamwambia piteni. Hiyo ndiyo hati tuliyo nayo: mkono wa marehemu. Unafungua geti, unapita, unafunga geti, humshtui kondoo. Siku Mwalimu akiamua kutia kufuli, klabu yetu itabaki na mishipi ya kuvulia samaki peke yake.

Kampeni ilipoanza tukagawana kazi. Babu alichukua hotuba. Makamu wake, Duane Kettle, ambaye anashuku kila kitu hadi utabiri wa hali ya hewa, alichukua kazi ya kumchunguza adui. Mimi nikapewa mabango, kwa sababu nina pikapu na kwa sababu ajira yangu dukani kwa wauza chakula cha mifugo haikuwa inamnyima mtu usingizi. Maagizo yalikuwa mepesi. Nipande mabango barabara kuu, kutoka darajani hadi kituo cha mafuta, pande zote mbili. Huku kwetu karatasi ya kura inaletwa na posta, inakaa juu ya meza ya jikoni kati ya chupa ya tomato na bili ya umeme, na mwenye nyumba anaizungukazunguka mpaka siku ya mwisho. Babu alisema mtu wa namna hiyo hashawishiwi na hotuba. Anahitaji kitu cha kumgusa bega kila akienda kununua maziwa.

Shida ni kwamba mabango yalifika siku ileile msimu wa kulungu wakubwa ulipofunguliwa. Na mimi mwaka ule bahati nasibu ilikuwa imeniangukia: nilikuwa na kibali cha kumwinda dume kule juu, kibali nilichokiomba mwaka baada ya mwaka kwa unyenyekevu mkubwa. Najua unachotaka kusema. Kibali cha kuwinda ni jambo jingine, usiniletee.

Nikapiga hesabu ya mtu mwenye akili. Barabara ya kwenda kambini inapita darajani. Nitayapanda nikirudi. Nikapakia mabango, hema, maharage ya kopo, na bunduki aliyonipa Babu nilipomaliza sekondari. Bunduki hiyo ilikuwa ya baba yake Babu. Kitako chake cha mti wa jozi kina alama nyeusi mahali kilipoegemezwa kwenye jiko la kuni kabla Babu hajazaliwa, na Babu akinikabidhi alisema maneno machache tu, kwamba imepita mikono mitatu na hakuna hata mmoja ulioisahau mahali.

Kule juu mvua ilikuwa inanyesha kama inalipwa. Sakafu ya hema ikawa uji. Sasa, bango la kampeni ni kitu cha ajabu. Ni plastiki nyepesi, halipitishi maji, lina miguu miwili ya waya. Ukilipanda barabarani linatazama magari. Ukilitandika chini ya godoro linakuokoa na homa ya mapafu. Nilianza na sakafu. Kisha nikaezeka kuni. Halafu, kwa kuwa yalikuwa bado yapo mengi na mimi nilikwisha kupata moto wa ujenzi, nikajenga choo. Kuta nne, paa la kuteremka, mlango wa kuning'inia kwa waya. Ukikaa ndani, kila unakogeuka unasoma: LINDA HAKI YAKO. PIGA HAPANA. Nilikaa mle nikaguswa moyo. Na utaona kwamba sikusema uongo pale mwanzo. Yote niliyasimamisha, isipokuwa yale niliyoyalalia.

Asubuhi moja nikatoka hemani, mvua inanyesha, mimi mwenyewe nina haraka. Nikaegemeza bunduki kwenye mti karibu na mlango wa choo, nikavuta mlango. Mlango ukavutwa kutoka ndani.

Nikasimama. Ndani ikatoka sauti, nzito, ya kifuani, sauti ya kiumbe aliyeamshwa na hapendi kuamshwa. Msitu wote ule, hakuna mtu, mimi nimekuja peke yangu. Nani mwingine angekuwa mle? Nikamwambia dubu neno moja. Nilimwambia, "Samahani."

Kuna watu watadai kwamba baada ya hapo aliyeondoka ni mimi. Hilo linategemea umesimama upande gani. Mimi nikiwa ndani ya pikapu, nikiteremka mlima kwa kasi ambayo pikapu yenyewe haikujua inayo, nilipotazama kwenye kioo dubu alikuwa anazidi kuwa mbali. Kwa macho yangu alikuwa anaondoka. Hema lilibaki. Mabango yalibaki. Bunduki nayo ilibaki, ikilinda kambi.

Nilirudi pale ujasiri uliponirudia, yaani jua lilipotoka na barabara ilipokauka. Nikakuta shimo la choo. Choo chenyewe hakipo. Sakafu ya hema haipo. Bunduki haipo. Hema lilikuwa limekunjwa vizuri kuliko lilivyotoka dukani, limewekwa chini ya mti na jiwe juu yake lisipeperuke. Nikajikuna kichwa. Dubu anaiba nyama, anaiba asali, hata kopo la maharage analitoboa. Ila dubu wa kukunja hema sijamsikia. Nikaamua ni wezi waliolelewa vizuri.

Babu nikamwambia bunduki iko mjini kwa fundi, inafungwa darubini mpya. Klabu nikawasimulia dubu. Niliposimulia mara ya kwanza alikuwa wa kawaida. Watu walipoomba nirudie alikuwa ameota mabega. Kufikia siku ya matokeo alikuwa mkubwa kama trekta, na nilikuwa nimemwambia mambo mengi zaidi ya samahani.

Siku ya matokeo tulikaa ukumbini, chini ya vichwa vya kulungu waliokaushwa, tukila maharage ya nyama yenye pilipili. Katika kaunti yetu tulishinda mpaka ikawa aibu. Lakini Portland kuna watu wengi kuliko ng'ombe wetu, na Portland walikuwa wameshaamua. Tofauti ilikuwa ndogo, ile inayouma. Tungeshindwa vibaya, tungelala. Babu aliendelea kushika kijiko hewani muda mrefu, maharage yakapoa, na hakuna aliyethubutu kumwambia akiweke chini.

Duane ndiye aliyeanza. Alisema yeye amepita barabara kuu wiki nzima, kutoka darajani hadi kituo cha mafuta, na hakuona bango hata moja. Alisema kaunti za jirani nazo hupita barabara ile zikienda sokoni. Kisha akanigeukia.

"Tate, mabango yalikuwa wapi?"

Ukumbi wote ukanitazama, na kulungu pia. Nilikuwa nimejipanga kusema jambo la maana. Neno likatoka lenyewe.

"Yameibiwa."

Sikumtaja mtu, hilo naliapia. Kumtaja mtu ni kazi ya Duane, na aliifanya kabla sijafunga mdomo. Akauliza nani mwenye sababu. Nani anapita barabara ile kila siku. Nani mwenye gari lenye sehemu kubwa ya mizigo. Watu wenye huzuni wanapenda kupewa mtu, na mpaka tunazima taa Mwalimu Ilene alikuwa ameshaiba mabango yetu yote, na inawezekana pia alikuwa ameiba mbuzi wa mtu fulani aliyepotea miaka ya nyuma.

Babu alikataa. Alisema amemfahamu Ilene tangu wote wana meno ya utoto, na kwamba anaweza kukubishia mpaka masikio yatoke moshi, lakini haibi. Hapo mambo yangeishia. Ila siku chache baadaye Duane alikwenda uwanjani kupima bunduki yake, akafungua geti, akapita, akafunga geti, na kwa kuwa yeye ni Duane akachungulia kwenye banda la majani makavu la Mwalimu. Alirudi mjini anahema. Chini ya turubai, akasema, yamepangwa. Yetu. Hapana juu ya Hapana mpaka kiunoni.

Wakati wengine wanatukana, mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la chakula cha kuku, nikifanya hesabu. Aliyekuwa na mabango ndiye aliyekunja hema. Aliyekunja hema ndiye aliyechukua bunduki. Hesabu za darasa la tatu hizo, na aliyenifundisha ni yeye.

Mkutano ukaitwa Jumamosi. Kabla haijafika, Duane alikuwa ameshaisambaza hoja yake: tumshtaki Mwalimu kwa sherifu, tupeleke habari gazetini, jimbo lote lijue tulishindwa kwa wizi. Babu alijaribu kuwaonyesha mwisho wake. Alisema tukimshtaki, geti linafungwa, na geti likifungwa hatuna uwanja. Na sheria yenyewe iliyopita inadai kila mnunuzi apige shabaha mbele ya mkufunzi. Atapigia wapi? Uwanja ni ule mmoja. Mtoto wa mfugaji akitaka bunduki ya sungura itabidi aendeshe gari nusu siku kwenda kujifunza kwa watu waliotushinda. Alisema kushindwa mara moja ni siasa, lakini mara ya pili tutakuwa tumejipiga risasi mguuni, tena bila kibali. Hakuna aliyecheka. Walisema mwizi ni mwizi.

Jumamosi yenyewe, mkutano haujaanza, Babu alinikuta nyuma ya ukumbi nikijifanya naangalia tairi. Akaegemea pikapu. Akaniuliza kama niliyasimamisha mabango.

"Yote, Babu."

"Yakasimama vizuri?"

"Yalisimama, Babu. Hata upepo haukuyaangusha."

Akaniwekea mkono begani. Mkono wa Babu ni mzito, umefunga seng'enge miaka mingi. "Basi," akasema. "Sijawahi kumwita Ilene mwizi, na sikutegemea kumwita. Lakini wewe ni mjukuu wangu. Nikitakiwa kuchagua neno la nani, nachukua lako."

Akaingia ndani. Mimi nikabaki na tairi. Ndani kulikuwa na pai ya tufaha ya mke wa Duane, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliipita.

Mwalimu alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Alivaa buti zake nyekundu za mpira, akakaa kiti cha mbele, miguu haifiki chini. Alisema amesikia geti lake linajadiliwa na ameona si vizuri lijadiliwe bila mama yake. Duane akasoma mashtaka, akaeleza turubai, akaeleza Hapana mpaka kiunoni. Alipomaliza alibaki amesimama, akitegemea mtu akanushe ili apate raha ya kubisha.

"Ni kweli," Mwalimu akasema. "Ninayo yote. Nimeyafuta matope pia."

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa teke. Babu hakuvuma. Aliuliza polepole, kama mtu anayeomba akataliwe. "Kwa nini, Ilene?"

"Nitakuambia, Verl. Ila kwanza nina swali kwa aliyeyapanda." Akageuka kwenye kiti. "Tate. Simama."

Nikasimama. Usinicheke; ungesimama. Sherifu mwenyewe akiambiwa simama na Mwalimu anasimama na mkanda wake.

Akaniomba nieleze niliyapanda wapi. Hapo nilikuwa na njia mbili, na moja ilikuwa nzuri. Nikachukua nyingine. Nikaeleza daraja. Nikaeleza kona ya kinu cha zamani. Kwenye kituo cha mafuta nikaongeza kwamba mwenye kituo alinipa kahawa akanishukuru kwa uzalendo. Nilikuwa nimeanza kulipenda simulizi lenyewe. Mwalimu alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza tukisoma kwa sauti, kichwa ameinamisha kidogo, bila kusaidia.

"Na yalikuwa yameelekea wapi?"

"Kwa wananchi, Mwalimu."

"Wananchi," akasema. "Kaa."

Akashuka kitini, akamwomba Duane amshikie mlango, akatoka kwenda garini. Duane, ambaye dakika ile alikuwa anamshtaki, alimshikia mlango kwa adabu. Aliporudi alikuwa amebeba bunduki.

Ukumbi uliojaa watu wa bunduki una tabia yake. Hakuna aliyetazama uso wake. Wote walitazama chemba, pale risasi inapokaa. Chemba ilikuwa wazi, tupu, mdomo wa bunduki umeelekea sakafuni, kidole kiko mbali na kifyatulio. Niliona wazee wakitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo macho yao yakashuka kwenye kitako, kwenye ile alama nyeusi, na vichwa vikaacha kutikisika. Babu alinyanyuka.

"Hiyo iko kwa fundi," akasema. Hakuwa anamwambia Mwalimu.

Mwalimu alimkabidhi, kisha akaeleza, bila haraka. Kila mwaka wakati ule yeye hupanda mpaka chanzo cha kijito kuokota uyoga. Mwaka huu mvua ilimkamata mbali na gari. Katikati ya miti akaona kibanda, na kwenye kibanda jina la klabu yetu. Alisema mwanamke wa umri wake hahitaji kueleza kwa nini aliingia.

"Nimeisoma hoja yenu pande zote nne," akasema, "na juu. Maisha yangu sijawahi kukaa na hoja yenu muda mrefu hivyo. Nakiri ina nguvu, ingawa kona moja ilikuwa inavuja. Verl, mmenitumia vipeperushi, mmenipigia simu, umenihubiria mazishini. Hiyo ndiyo kampeni yenu pekee iliyowahi kunisitiri."

Mtu wa nyuma alicheka, akajizuia, akashindwa.

Alisema akiwa mle akasikia mtu anakuja, mlango ukavutwa. Akaushika. Akakohoa, kama mtu mstaarabu anavyofanya kuonyesha kwamba pana mtu. Alikuwa na mafua wiki ile. Nje akasikia kijana akisema samahani, na hapo akafurahi kidogo kwamba kuna kitu cha darasa la tatu kilichobaki, halafu akasikia pikapu ikikimbia.

Sasa ukumbi wote ulikuwa unacheka. Duane alikuwa amekaa, ameshika meza. Mwalimu akangoja wamalize, na walipomaliza hakuwa anatabasamu.

"Nilipotoka nikaikuta hiyo. Imeegemezwa kwenye mti, risasi iko chemba, mdomo unautazama mlango wa choo. Mlango wa plastiki. Nilikuwa nimekaa nyuma yake."

Vicheko vikakatika kama umeme. Nilitazama buti zangu. Katika klabu yetu unaweza kusamehewa ulevi, talaka, hata kupigia kura chama kisichotakiwa. Hilo la chemba halina msamaha wa haraka.

Akamalizia na mabango. Alisema kila bango chini limeandikwa jina la mwenyekiti na anwani yake, kama sheria ya kampeni inavyotaka. Bwana misitu akikikuta kibanda kile, faini ingekwenda moja kwa moja kwa Verl Ostrander, na mwezi huo wa kampeni Verl alikuwa na mizigo ya kutosha. Ndiyo maana aliyateremsha, safari baada ya safari, kwenye gari lililokuwa linanuka uyoga. Akasubiri mwenye bunduki aje kuulizia. Kila Jumamosi alimwona akipita getini, anampungia mkono, anapita.

"Anafunga geti vizuri," akasema. "Hilo sitamnyima."

Duane alisimama akasema anaondoa hoja yake. Alisema pia, kwa sauti ndogo, kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Babu alikuwa bado ameshika bunduki ya baba yake, anapitisha dole gumba kwenye ile alama ya jiko. Akamwomba Ilene radhi mbele ya wote, kwa maneno machache, kama anavyofanya mambo yote yenye uzito. Kisha akauliza kuhusu geti.

Mwalimu alisema geti halikuwahi kumkosea mtu. Litabaki kama marehemu mume wake alivyoliacha. Ila ana sharti. Masomo ya usalama yanayotakiwa na sheria mpya yatafanyika pale uwanjani, yafundishwe na wazee wa klabu wenyewe, kwa sababu hakuna mtu Portland anayejua kufundisha kuheshimu bunduki kuliko Verl.

"Sheria hiyo nitaipinga mahakamani," Babu akasema. "Na baada ya mahakama nitakusanya saini, tuirudishe kwa wapiga kura."

"Na mimi nitakusanya za kwangu kukuzuia."

"Ukusanye nyingi."

"Huwa nakusanya nyingi, Verl. Ndiyo maana umeshindwa."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya matokeo kumwona Babu akionyesha meno. Akamwuliza kama masomo hayo tayari yana mwanafunzi. Mwalimu akasema wa kwanza anamjua, na amekwisha kumtengea kiti cha mbele.

Nikaona hapo ndipo pa kutoka. Kila mtu alikuwa amesamehe kila mtu, pai ilikuwa inakatwa, na mlango ulikuwa hatua chache tu. Nilishafika kwenye kitasa.

"Tate."

Nikageuka. Babu alikuwa amesimama kando ya Mwalimu, bunduki mkononi. Alikuwa anampima kwa macho, taratibu, kutoka kwenye zile buti nyekundu hadi kwenye kofia ya sufu, safari ambayo haikuwa ndefu, maana kofia iliishia kwenye kifungo cha pili cha shati lake. Ukumbi wote ukaacha kutafuna.

"Hebu nikumbushe, mjukuu wangu," akasema. "Yule dubu ulisema alikuwa na ukubwa gani?"